Ua la Chunguni

Mtu atokaye Uvira kwenda Baraka hufuata kando ya Ziwa Tanganyika, maji yakiwa mkono wake wa kushoto na milima mkono wa kuume. Hupita Makobola, hupita Mboko, mpaka afike pale ziwa linapoingia barani na kufanya ghuba, na rasi ndefu ya Ubwari yaonekana ng'ambo. Njiani ataona mihogo, michikichi, nyavu zilizoanikwa, na dagaa waliotandazwa juani. Lakini akiwa na macho ya kutazama vitu vidogo, ataona na kitu kingine. Mbele ya nyumba ya matofali, karibu na mlango, limewekwa kopo kubwa la bati, au chungu kilichovunjika ukingo. Na ndani yake umesimama mti mdogo wenye miiba, uliojaa rangi nyekundu au ya zambarau hata majani yake mabichi hayaonekani.

Mti huo ni bugenvilia. Wako wasiolijua jina lake, nao husema tu, "ule mti wa maua mekundu wa misioni." Leo, wasomaji wapenzi, twataka kueleza habari zake: asili yake, tabia yake, na namna ya kuupanda chunguni, ili kila mwenye mlango aweze kuwa nao.

Lakini kabla hatujaanza, sharti tuwaambie neno tuliloambiwa sisi wenyewe. Siku moja tulikuwa tukizungumza habari hizi uani kwa watu, Baraka, na mama mmoja aliyekuwa akimenya mihogo akainua kichwa akatuuliza, "Wapendwa, watoto wetu hawajashiba, nanyi mwatufundisha kupanda maua?" Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Swali lake ni la haki, nasi hatukumjibu kwa haraka. Tutamjibu mwishoni, baada ya kusema yote tunayoyajua.

ASILI YA BUGENVILIA

Mti huu si wa Afrika. Kwao ni Amerika ya Kusini, katika nchi kama Brazili. Huko wenyeji waliuona tangu zamani ukipanda juu ya miti mingine na kutambaa kwenye mawe. Watu wa Ulaya waliutambua mwaka 1767. Mwaka ule merikebu za nahodha Mfaransa aitwaye Louis-Antoine de Bougainville zilitia nanga Rio de Janeiro, zikiwa katika safari ya kuizunguka dunia yote, iliyoanza mwaka 1766 na kwisha mwaka 1769. Ndani ya merikebu moja alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson. Yeye aliuona mti huo, akachukua matawi yake, akaukumbuka kwa jina la nahodha wake. Mwaka 1789 mtaalamu mwingine, Antoine-Laurent de Jussieu, aliliandika jina hilo katika kitabu chake cha mimea, na tangu hapo limebaki.

Wanafunzi wetu watapenda kujua na jambo hili. Commerson alikuwa na mtumishi aliyemsaidia kupanda milima na kubeba mizigo ya mimea, mtu mwenye nguvu na bidii, ambaye mabaharia walimdhani ni kijana mwanamume. Kumbe alikuwa mwanamke, jina lake Jeanne Baret, aliyevaa nguo za kiume kwa sababu amri za merikebu za Ufaransa zilikataza wanawake kusafiri humo. Commerson alikuwa na maumivu ya mguu, kwa hiyo wengine hudhani kwamba mikono iliyoukata mti ule mara ya kwanza ilikuwa ya Jeanne. Commerson alifariki mwaka 1773 katika kisiwa cha Morisi. Jeanne alirudi Ufaransa baadaye, akawa mwanamke wa kwanza ajulikanaye kuizunguka dunia. Lakini ua halikupewa jina lake. Ndivyo ulimwengu ulivyo: abebaye mzigo hasahauliki kwa Mungu, lakini kwa wanadamu husahauliwa upesi.

Kutoka Amerika mti huu ulipelekwa Ulaya, na kutoka huko ukasafiri kwa merikebu mpaka nchi zote za joto. Leo hupamba barabara kubwa za Nairobi, na kuta za nyumba za pwani. Nchi ya Grenada, kisiwa cha bahari ya Karibi, imeuchagua uwe ua la taifa. Na katika nchi zetu za maziwa wengi wetu tuliuona mara ya kwanza misioni, au shuleni, au kwenye nyumba za serikali. Ndiyo sababu wengine hudhani kwamba ni ua la wakubwa. Sivyo. Hakuna ua linalopenda kuishi na maskini kuliko hili, kama mtakavyoona.

UA AMBALO SI UA

Chukua tawi moja la bugenvilia ulitazame kwa makini. Ile rangi nyekundu uionayo si ua. Ni majani. Yatazame: yana mishipa kama jani lolote, na ni membamba kama karatasi. Yamekaa matatu matatu, kama watu watatu walioegemeana. Sasa yafunue uone katikati: humo mna vijiti vitatu vyembamba, na kila kimoja chafunguka juu kuwa kiua kidogo cheupe, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Hicho ndicho ua lenyewe. Majani yamegeuka rangi ili kuwaita nyuki na vipepeo, maana kiua chenyewe ni kidogo mno, hakingeonekana.

Kwa kuwa rangi ile ni ya majani, haikauki upesi kama maua mengine. Ua la kawaida huchanua leo na kesho limelegea; majani ya bugenvilia hukaa majuma kadhaa, na hata yakianguka chini bado yana rangi yake. Basi mwenye kupanda mti huu hupata furaha ya siku nyingi kwa kazi ya siku moja.

MAJIRANI WAWILI

Yule aliyetufundisha zaidi tabia ya mti huu alikuwa mzee mmoja, mvuvi wa zamani, ambaye jina lake hatulitaji kwa kuwa alituomba hivyo. Alipewa kijiti na rafiki yake, akakipanda katika chungu kizuri kipya. Akakiweka chini ya mwembe, penye kivuli, ili kisichomwe na jua. Akakinywesha asubuhi na jioni. Akakitilia samadi kila Jumamosi, na maji aliyooshea samaki. Mti ukakua! Ukawa na matawi marefu kuliko mtu, na majani mabichi manene yenye kung'aa. Wapitao wakausifu. Lakini mwaka ukapita, na wa pili ukapita, na ua hata moja halikuonekana.

Jirani yake alikuwa mama mjane. Naye alipata kijiti cha mti ule ule, akakipanda katika chungu cha kupikia kilichotoboka, akakitegemeza ukutani upande wa jua, akaenda shamba. Mti wake ulikuwa mfupi na wenye miiba mingi. Lakini kila kiangazi uliwaka kama moto.

Mzee alivumilia mpaka akashindwa. Akaenda akabisha hodi.

"Mama, nimekuja kuuliza. Mti wako waulisha nini?"

"Siulishi kitu, Baba. Nausahau. Nikirudi shamba nikakuta majani yamelegea, ndipo nakumbuka kwamba nao una kiu."

Mzee akakaa kimya, kisha akacheka sana. "Kumbe wangu nimeupa raha mpaka umesahau kazi!"

Basi hapo ndipo palipo siri yote. Bugenvilia hupenda jua kali, udongo usiokaa maji, na chakula kidogo. Ukiipa kivuli, maji mengi na samadi nyingi, hutoa majani matupu. Ukiibana kidogo, hutoa rangi. Mzee aliutoa mti wake mwembeni akauweka juani, akaupogoa, akaacha kuupa maji ya samaki. Majuma machache baada ya hapo tulipita kwake, naye akatuita toka mbali tuje tuone matumba ya kwanza.

NAMNA YA KUPANDA

Chungu. Si lazima kununua. Chungu kilichovunjika ukingo chafaa; kopo kubwa la maziwa ya unga lafaa kwa kuanzia; na bidoni la lita 20 lililokatwa katikati lafaa kwa mti uliokua. Jambo moja tu haliachwi: chini pawe na matundu matatu au manne, kila moja upana wa kidole. Chombo kisicho na tundu ni kaburi la mti huu, maana mizizi yake huoza upesi ikikaa majini. Juu ya matundu weka vigae au vijiwe, ili udongo usiyazibe. Chombo kisiwe kikubwa mno. Mizizi ikibanwa kidogo, mti huchanua zaidi.

Udongo. Hapa watu wa Baraka na watu wa Fizi hawafanyi sawa. Karibu na ziwa mara nyingi udongo una mchanga mwingi, na maji hupita upesi. Huko changanya sehemu mbili za udongo mweusi wa shamba, sehemu moja ya mchanga, na sehemu moja ya samadi iliyooza vizuri. Fizi iko juu milimani, hewa ni ya baridi kidogo, na udongo ulio mzito hushika maji. Penye udongo wa namna hiyo ongeza mchanga, uwe sawa na udongo wenyewe. Mkipata mchanganyiko, ushike mkononi ukiwa umelowa na kuukamua. Ukifunguka wenyewe unapoachia vidole, ni mwema. Ukibaki umegandamana kama tonge, tia mchanga tena.

Kijiti. Bugenvilia haipandwi kwa mbegu, hupandwa kwa vijiti. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, mwezi wa Septemba au Oktoba. Omba kwa mwenye mti. Hatakunyima, maana mti huu sharti ukatwe kila mwaka. Chagua tawi lililokomaa, si changa la kijani wala si kuukuu lililokuwa gogo; unene wake uwe kama kalamu ya risasi. Kata kipande cha urefu wa shibiri moja, chenye vifundo vinne au vitano. Upande wa chini kata mshazari, chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani, bakiza mawili ya juu. Kisha kichomeke udongoni hata vifundo viwili vifukiwe, kishindilie kwa vidole, ukinyweshe, ukiweke penye kivuli chepesi. Kwa muda huu tu ndipo mti hutaka kivuli na unyevu.

Sasa ngoja. Majuma sita, au manane, au hata kumi. Usikivute uone kama kina mizizi! Twamjua mtoto mmoja wa shule aliyekuwa akiking'oa kijiti chake kila asubuhi ili apime mizizi, kisha akakirudisha. Hakikuota, naye akasema udongo ni mbaya. Vijiti vingine vitakufa, hilo ni jambo la kawaida. Panda vitano ili upate viwili. Na kitakapochipua majani mapya, usiwe na haraka vilevile, maana mara nyingine jani hutangulia mzizi.

Kuhamisha. Mizizi ya bugenvilia ni myembamba na hukatika upesi. Ukihamisha mche kutoka kopo dogo, usiutikise udongo wake. Pasua kopo, uutie mche chunguni pamoja na udongo wake wote kama ulivyo. Kila mwaka wa pili au wa tatu uhamishe tena katika chombo kikubwa kidogo, au uondoe udongo wa juu utie mpya.

Jua. Mti uliokwisha kushika mizizi huhitaji jua la saa sita kila siku, wala usihurumiwe. Mahali pema ni mbele ya ukuta unaopigwa na jua. Chombo cha bati cheusi hupata moto sana. Kipake chokaa, au ukizungushie mawe.

Maji. Tia kidole udongoni mpaka kiungo cha pili. Pakiwa na unyevu, nenda zako. Pakiwa pakavu, nywesha mpaka maji yatoke chini, kisha uache. Usiweke sahani ya kukinga maji chini ya chungu: maji yakisimama, mizizi huoza, na mbu huzaa humo, nasi twajua malaria inavyotuulia watoto. Tena twasema kwa mkazo: maji safi ya kunywa yasimwagwe chunguni. Katika nchi hii ambako kipindupindu hurudi mara kwa mara, na ambako mtoto hubeba ndoo kutoka mbali, maji mema ni ya midomo ya watu. Ua litatosheka na maji yaliyooshea mboga au mchele, na hata yaliyooshea nguo ikiwa sabuni yake ni kidogo.

Chakula. Konzi moja ya samadi iliyooza, kila baada ya miezi miwili au mitatu. Zaidi ya hapo ni kosa la mzee wetu.

Kupogoa. Maua hutoka katika machipukizi mapya. Kwa hiyo, rangi ikiisha, kata kila tawi kwa theluthi moja, na matawi marefu yaliyokwenda juu bila maua uyakate zaidi. Funga mkono kwa kitambaa, maana miiba ni mikali, na utomvu wake huwawasha watu wengine. Vijiti ulivyokata usiviache uani ambako watoto hutembea bila viatu. Vile vilivyokomaa wagawie majirani. Vingine vichome moto.

Kuita maua. Mti ukiwa na mwaka mmoja au zaidi na hautaki kuchanua, uache bila maji mpaka majani yalegee kidogo. Si mpaka yakauke. Kisha unyweshe mara moja. Fanya hivyo mara kadhaa. Mti utadhani kiangazi kimekuja, na kwa kawaida matumba yatatokea baada ya majuma machache. Hapo ndipo chungu kilipo na faida kuliko ardhi. Mti wa ardhini, mvua ikinyesha, hauna kimbilio. Hunywa tu na kutoa majani. Mti wa chunguni waweza kuusogeza chini ya upenu, mahali ambapo jua lafika na mvua haifiki, ukachanua hata wakati wa masika.

Adui. Wa kwanza ni mbuzi, naye mwamjua. Weka chungu juu ya jiwe kubwa au juu ya ukingo wa baraza. Wa pili ni vidukari, na wale wadudu weupe kama pamba wanaokaa kwenye vifundo. Waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha usuuze. Wa tatu ni viwavi walao usiku. Watafute kwa taa, uwaokote kwa mkono. Majani yakigeuka manjano, kwanza ujiulize kama hukuzidisha maji.

UA KANISANI

Akina mama wanaotengeneza kanisa wanajua taabu ya maua ya kukatwa: Jumamosi jioni ni mazuri, Jumapili saa nne yameinama. Chungu cha bugenvilia husimama imara. Ila lazima kukumbuka mambo mawili. La kwanza, ndani ya nyumba mna giza. Mti ukikaa humo siku nyingi huangusha rangi yake yote. Uingizeni Jumamosi, utoeni Jumatatu. La pili ni agizo la Kanisa lenyewe. Mwongozo wa Misale ya Roma husema kwamba maua yawe ya kiasi, yawekwe kuizunguka altare kuliko juu ya meza yake. Na wakati wa Kwaresima hayawekwi kabisa, isipokuwa Jumapili ya nne, na siku za sherehe na sikukuu.

Basi tazameni jinsi chungu kinavyoitii kalenda ya Kanisa. Kabla ya Jumatano ya Majivu, pogoeni mti wenu, mkautoe nje uwe wa miiba mitupu. Uwekeni upenuni, uone jua na kiu. Kama mmeutunza vizuri, Pasaka huenda ikaukuta umevaa. Si kila mwaka hupatia, maana mti si saa. Lakini ukipatia, watoto hawasahau.

Iko na siku nyingine. Tarehe 28 Novemba hakuna Mkristo wa Baraka wala wa Fizi asiyeijua. Mwaka 1964, wakati wa vita vya Simba, Bruda Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara waliuawa Baraka. Na usiku wa siku ile ile Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa Fizi. Watatu walikuwa Waksaveri kutoka Italia. Wa nne, Padri Joubert, alikuwa mwana wa nchi hizi za ziwa, mama yake Mwafrika na baba yake yule Kapteni Joubert ambaye wazee wamemsimulia sana. Tarehe 18 Agosti 2024, huko Uvira, wote wanne walitangazwa kuwa wenye heri. Mwezi wa Agosti ni kiangazi, na bugenvilia huchanua bila kuombwa. Lakini Novemba ni mvua. Atakaye kuwawekea mashahidi wetu ua siku yao yenyewe sharti aanze kuuficha mti wake mvua tangu mwezi wa Oktoba.

JIBU LA SWALI

Sasa tumrudie yule mama mwenye mihogo.

Kwanza twamwambia: Mama, wasema kweli. Chakula ndicho cha kwanza. Asiye na shamba la mihogo asianze na ua. Ndiyo maana tumesema chungu, wala hatukusema bustani. Chungu hakimnyang'anyi mtu hata mstari mmoja wa maharagwe. Hakitaki fedha, wala maji ya kunywa, wala siku ya kazi. Chahitaji chombo kilichotupwa na kijiti ambacho jirani angekichoma moto.

Pili, watoto wa Fizi na Baraka wameona vitu vingi ambavyo mtoto hakupaswa kuona. Wako wazazi wao waliovuka ziwa mwaka 1996 na kuishi katika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma. Wako waliorudi wakakimbia tena. Nasi wenyewe tumepokea wengine: tangu mwaka 2015 ndugu zetu wa Burundi wameishi Lusenda, katika wilaya yetu hii ya Fizi. Tena katika miaka ya karibuni ziwa lenyewe limepanda likaingia katika nyumba za watu wa pwani, na wapimao maji wamelinganisha kujaa kwa mwaka 2024 na kule kwa mwaka 1964. Mtu aliyeondoka nyumbani mara mbili au tatu hujiuliza: kwa nini nipambe mlango nisioujua nitaufunga lini?

Tuliwahi kumwuliza swali hilo yule mjane wa chungu kilichotoboka. Maji yalipofika ukutani kwake alihamia kwa dada yake, juu kidogo, na mti wake alikuwa ameubeba. Alitujibu hivi: "Nilipotoka, wanangu walikuwa wakilia. Nikampa mkubwa godoro, nikampa wa pili sufuria, na mdogo nikampa chungu cha ua abebe. Akanyamaza. Maana aliona kwamba kama twachukua ua, basi twaenda kukaa mahali, hatuendi kupotea."

Hatukuwa na la kuongeza. Apandaye mwembe asema, nitakaa hapa. Si kila mtu leo aweza kusema hivyo. Lakini apandaye ua chunguni asema, popote nitakapokaa patakuwa nyumbani. Na neno hilo mtoto hulielewa kabla hajajua kusoma.

Hayo ndiyo tuliyomwambia yule mama siku tuliporudi uani kwao. Alitusikiliza mpaka mwisho, mikono yake ikiendelea na mihogo, wala hakusema kwamba tumemshinda. Alisema tu, "Haya." Lakini tulipokuwa tukiaga tulisikia kishindo nyuma ya nyumba. Tukachungulia. Alikuwa amechuchumaa, ameshika msumari na jiwe, akitoboa chini ya kopo la maziwa: tundu la kwanza, la pili, la tatu.